Karatasi ya Msondo wa Mchinga

Nyinyi vijana mnaoloweka ngozi kwa maji ya moto ili mmalize kazi kabla ya adhuhuri, nawaona. Macho yangu yana ukungu, lakini pua haijazeeka. Ngozi iliyochemshwa inanuka supu, na ngoma yake inalia kama debe la mafuta ya taa. Juzi mmoja wenu kaniletea ngoma ya namna hiyo hapa barazani, akasema, "Shikamoo babu. Sijui hii imeingiwa na nini." Nikamwambia, "Marahaba. Imeingiwa na haraka yako." Akacheka mpaka akashika mbavu, akabeba ngoma yake akaenda zake. Hakuuliza ailoweke vipi.

Basi nitasema bila kuulizwa. Ngozi ya mbuzi inalowekwa siku mbili katika maji baridi ya kisima. Siyo ya bahari, maana chumvi haitoki, na siku ya mawingu ngoma itatoa jasho mbele za watu. Manyoya yanaparuzwa kwa jivu na ganda la chaza. Kisu weka mbali. Ukishamaliza, unaiwamba ingali mbichi, unaipigilia vijiti kuzunguka mdomo wa mzinga, yaani ule mti uliotobolewa, ukivuta upande huu unavuta na wa pili, kisha unaianika kivulini. Ukiianika juani itapasuka. Isipopasuka siku hiyo, itangoja siku ya harusi ya watu.

Mimi yalinikuta. Kulikuwa na harusi hapa Lindi, watu wameniharakisha, nikaianika ngoma juani kuanzia asubuhi mpaka alasiri nikiigeuza kama mkate. Mpigaji alipoipiga mara ya kwanza, mkono wake ukazama ndani mpaka kwenye kiwiko. Alibaki ameduwaa, ngoma imemvaa. Shangazi zake bwana harusi walinitimua mimi kwa miko ya pilau, na nikakimbia wallahi, huku nimevaa kanzu. Mwalimu wangu alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini mchangani, akawa anafuta machozi, anasema, "Eti mpaka kwenye kiwiko!" Kila nilipokutana naye baada ya hapo alikuwa ananishika kiwiko kabla ya kunisalimu.

Huyo mwalimu ndiye ninayetaka kuwaeleza. Aliitwa Mzee Hamisi Nalinga, wa Mchinga. Mimi ni mwambaji wa ngozi. Yeye alikuwa mchongaji. Nyinyi siku hizi mnaviita vyote "kutengeneza ngoma", lakini ni kazi mbili. Mchongaji anakata mti, anautoboa, anaupa koo. Mwambaji anauvisha nguo tu. Nguo mbaya inavuliwa, inawekwa nyingine. Mzinga mbaya huna la kuufanya ila kuupeleka jikoni.

Nilikaa kwake Mchinga miaka mitano. Alichonga mfenesi kwa tezo na patasi mbili, moja fupi na moja ndefu kama mkono. Mzinga ukikaribia kuisha alikuwa anaulaza mapajani, anaingiza uso mdomoni mwake, anauambia, "Haya, sema." Sauti yake inazunguka mle ndani inarudi. Kisha anatia patasi ndefu, anakwangua mahali pamoja, unga wa mti kiasi cha kijiko cha chai, anaingiza uso tena. "Hapa ilikuwa inakwama," anasema. Mimi nami niliingiza uso. Nilisikia sauti yangu mwenyewe na harufu ya mfenesi, basi. Nilipomwomba anifundishe kuchonga alinijibu, "Mkono wako bado, mwanangu. Subiri." Na mkono ulipokomaa, mimi tayari nina hamu ya mjini. Nikahamia Lindi, nikajenga kibanda karibu na machinjio, na yeye akawa ananiletea mizinga niivishe ngozi. Kuchonga sikujifunza. Likumbukeni hilo, maana ndilo linaloniuma.

Pale mjini sikuwa mtu wa kuheshimiwa. Ngozi mbichi ina harufu, na harufu hiyo ilikwenda nami msikitini, sokoni, kila mahali. Waliniita Mkuna Ngozi. Nilikuwa nimempenda Mwanaidi, bibi yenu, Mungu amrehemu, na baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu msafi, hajawahi kuwa na doa kwenye kofia. Nilipopeleka posa mara ya kwanza alizungumza nami huku ameziba pua kwa leso. Alisema, "Athumani, huna ubaya. Lakini binti yangu nimuoze kwa mtu anayekuna ngozi za watu?" Niliondoka pale nimeinamisha kichwa. Nililia pia, sioni haya kusema.

Sasa ndipo yakaja yale maonyesho.

Mwaka sikumbuki. Nakumbuka korosho zilikuwa zimeanza kudondoka. Mke wa afisa mmoja wa serikali, Mzungu mrefu mwenye kofia ya ukili pana kama ungo, alipata wazo la kukusanya vyombo vya ngoma vya Jimbo zima la Kusini na kuviweka pamoja katika ghala la zamani la pamba, watu waje kutazama. Siyo kusikiliza, kutazama. Sisi tulidhani tumesikia vibaya. Alimtuma karani mmoja, Mmakonde wa kule uwandani, mtu mpole mwenye miwani aliyeitwa Simoni, apite kwa mafundi kukusanya. Huyo karani alikuwa na daftari na penseli, na kila chombo alikiandikia aina yake, mahali kilipotoka, na jina la fundi.

Alipofika kibandani kwangu, pale mbele kulikuwa na msondo wa Mzee Nalinga. Msondo ni ile ngoma ndefu inayosimama. Huo alijichongea mwenyewe kwa ajili ya ngoma za pale Mchinga, na hakuna aliyeuona asisimame. Alikuwa ameniletea niuvishe ngozi mpya kwa sababu ile ya zamani ililiwa na panya. Nilishauvisha, na ngozi ilikuwa imekauka vizuri.

Karani akauzunguka. Akaupapasa, nikamwambia ni msondo wa Mchinga. "Huu ni wa fundi nani?"

Nilikuwa nimechuchumaa, mikono imejaa jivu. "Unauona uko kwa nani?"

"Kwako."

"Basi."

Akanyanyua penseli. "Na kuchonga, umechonga mwenyewe?"

Hapo, wajukuu zangu, hapo hapo. Lilitakiwa neno moja, hapana, na jina moja. Karani alikuwa anangoja. Mimi nikaendelea kuparuza ngozi, nikamwambia, "Andika, karani, mimi nina kazi."

Akaandika.

Nilimpelekea Mzee salamu kwa mchukuzi wa samaki kwamba msondo wake umetakiwa kwenye maonyesho. Alijibu kwa mchukuzi yule yule: "Wauone. Ila wasiuanike juani." Kisha akatia na salamu kwa kiwiko changu.

Siku ya ufunguzi nilioga mara mbili, nikajifukiza udi, nikaenda. Loo, vile vitu vilivyokuwa humo! Zumari limelazwa katika sanduku la kioo bila kile kipande cha ukindu cha kupulizia, sasa litalia kwa dua? Marimba zimetundikwa ukutani kama mkeka wa kuanikia. Vinganga, vile vijingoma vyenye mguu mmoja, vimechomekwa katika makasha ya mchanga, vimejipanga mstari kama askari wanaongoja kukaguliwa. Na kila kimoja kina karatasi yake, imepigwa kwa mashine ya chapa, imegongwa msumari mdogo. Mlangoni pameandikwa USIGUSE.

Watu wa Lindi walizunguka mle wakinong'ona kama wamekuja kuhani msiba. Hatukuzoea ngoma iliyonyamaza. Mzee mmoja wa kutoka bara aliiona kayamba yake, akaitoa ukutani akaanza kuitikisa na kuimba. Askari akamkimbilia. "Mzee, hairuhusiwi!" Mzee akamuuliza, "Hairuhusiwi na nani? Si yangu?" Askari akaisoma karatasi, akamwuliza jina, akaona kweli ni yake. Akafikiri kidogo, akamwambia, "Basi tikisa taratibu." Tulicheka, na hata yule Bibi wa Kizungu alicheka.

Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye msondo. Uliwekwa katikati ya ghala, peke yake. Karatasi ilisema: Msondo. Mchinga. Umechongwa na fundi Athumani Selemani. Niliisoma mara tatu. Sitawadanganya kwamba nilijisikia vibaya. Nilijisikia mtu. Watu waliojua kusoma walisoma kisha wakanigeukia, na mmoja wao, aliyekuwa akiniita Mkuna Ngozi kila siku ya Mungu, akaniambia, "Kumbe fundi!" Jioni ile nilipita mbele ya duka la baba yake Mwanaidi bila sababu yoyote, nikamsalimu, naye akaitikia bila leso. Alikuwa ameshapata habari. Aliniambia atakwenda kuona Ijumaa, baada ya swala.

Siku ya tatu Mzee Nalinga alikuja.

Walikuja yeye na mkewe, Bibi Somoe, kwa miguu kutoka Mchinga. Walilala njiani kwa ndugu, wakafika asubuhi na kikapu cha mihogo ya kuchoma kwa ajili yangu. Walinikuta pale ghalani. Miguu yao ilikuwa myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Nikawaamkia, "Shikamoo baba, shikamoo mama," na Mzee akanishika kiwiko kwanza, kisha ndipo akaitika, "Marahaba mwanangu. Haya, nionyeshe."

Alitembea polepole. Hakujua, au hakujali, lile la kutogusa. Kila ngoma aliigonga kwa kidole kimoja, akainamisha kichwa. "Huyu mtu kachonga mti mbichi." Anasogea. "Hii nzuri. Hii ya watu wa Likawage, nawajua, hawana haraka." Askari alimtazama, akaona mvi, akageukia ukutani. Mimi nyuma yake nahesabu ngoma zilizobaki, maana tunakaribia.

Alipouona msondo wake pale katikati alisimama. Hakuugonga. Bibi Somoe ndiye aliyeona karatasi. "Na hii imegongwa ya nini hapa?"

"Ni maelezo, mama."

"Maelezo gani?" Mzee akaniuliza. Alikuwa hajui kusoma, wala mkewe. Mwanawe Bakari alijua, lakini alikuwa anafanya kazi shamba la katani na hakuja nao. "Inasemaje, mwanangu? Nisomee."

Nilisogeza uso karibu na karatasi. Jina langu liko pale, herufi nyeusi. Nikasoma kwa sauti: "Msondo. Mchinga. Umechongwa na fundi Hamisi Nalinga."

Bibi Somoe alipiga kigelegele ambacho hata wauza samaki forodhani walikisikia. Watu wote ghalani wakageuka.  Mzee yeye alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaniambia, "Soma tena." Nikasoma tena, na safari hii ulimi ulikuwa umeshazoea. Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya jina langu polepole, akauliza, "Hapa ndipo nilipo?" Nikamwambia, "Hapo, baba."

Astaghfirullah. Nimefanya mengi maishani, lakini nikifumba macho ninachokiona ni kidole kile.

Karani Simoni alikuwa amekaa kwenye meza yake karibu na mlango, na alisikia kila kitu. Wazee walipotoka nje kupumzika kivulini, alinijia. Hakunikaripia. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaniambia polepole, "Fundi, nikuandikie nyingine? Mashine iko pale ofisini. Ni dakika mbili."

Dakika mbili! Nami nikamwambia, "Acha kwanza, ndugu yangu. Acha mpaka Jumamosi."

"Kwa nini Jumamosi?"

Nikaanza kufuta vumbi kwenye msondo. Ijumaa ndiyo siku aliyokuwa anakuja baba yake Mwanaidi. Simoni alinitazama, akavaa miwani yake, akarudi mezani. Toka siku ile alinisalimu kama unavyomsalimu mtu wa ofisi nyingine.

Ijumaa mkwe akaja na kofia yake isiyo na doa. Akasoma. Akauzunguka msondo mara mbili, mikono nyuma, kama anapima nguo. Akasema, "Athumani, ulikuwa unatuficha." Nikainamisha uso, yeye akadhani ni adabu. Mwezi ule ule nikaozwa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kufunga. Niliamka na nia safi kabisa, wallahi, nimwombe Simoni aandike karatasi mpya nimpelekee Mzee mwenyewe mpaka Mchinga. Nilifika ghalani saa mbili. Msondo haupo. Msumari upo, karatasi haipo.

"Mzee wako kaja mapema na wachukuzi wawili," Simoni akaniambia. "Karatasi kaing'oa mwenyewe, kaikunja, kaitia ndani ya kofia yake. Nilimwambia asubiri kidogo, akasema haina haja, ameshasomewa."

"Kwa nini hukumwambia?"

Simoni akacheka, lakini siyo kicheko cha furaha. "Mimi ndiye wa kumwambia?"

Mngedhani hapo ningepanda lori kesho yake. Nilijiambia ni mzee, hajui kusoma, karatasi itamfurahisha, itachakaa, panya wataila kama walivyoila ile ngozi. Nilikuwa na mke mpya na kibanda kinachojaa watu. Hilo nalo lilinishangaza. Baada ya maonyesho watu wa Mchinga na vijiji vya nyuma yake walianza kuja kwangu, siyo kutaka ngozi bali kutaka ngoma nzima, kuchonga na kuwamba. Niliwauliza, "Kwani Mzee Nalinga hayupo?" Wakasema, "Yupo. Ndiye aliyetutuma. Kasema tuje kwako."

Nikadhani amechoka. Nikadhani macho yamemwisha na ananirithisha kazi, nikajivuna. Nikanunua tezo. Nikachonga mifenesi ya watu, nikaingiza uso kwenye mizinga nikaiambia, "Haya, sema." Mizinga ilisema hovyo. Mmoja ulipasuka kabla sijauwamba. Mwingine ulirudishwa kutoka Mchinga na mwenyewe, mtu mstaarabu sana, akaniambia, "Fundi, samahani. Siku ulipouchonga huu wa kwetu naona hukuwa na afya." Mtu ananitafutia udhuru! Nikawa nawavalisha watu ngozi nzuri juu ya miti mibovu, na ngozi nzuri ilidanganya msimu mmoja, halafu basi.

Bibi yenu nilimweleza katika msimu wa pili. Nilidhani atacheka. Aliacha kukuna nazi, mbuzi yake ikabaki hapo, akanigeukia. "Kwa hiyo baba yangu alinioza kwa karatasi ya mzee wa watu?"

"Mwanaidi..."

"Nenda Mchinga ukamwambie. Mimi siachiki kwa sababu ya karatasi, lakini nenda."

"Nitakwenda."

Akawa ananiuliza kila nikisafiri. "Umekwenda?" Nami nina jibu kila mara. Mvua. Mzigo wa ngozi utaoza. Dereva alikuwa na haraka. Mwisho akaacha kuuliza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Msimu wa tatu mchukuzi wa samaki akaniletea habari kwamba Mzee Nalinga amefariki, ameugua siku nne tu.

Nilifika Mchinga siku ya matanga. Nilimkuta Bibi Somoe amekaa ndani na wanawake, kanga amejitanda mpaka kwenye nyusi. Nilimpa mkono wa pole. Akanishikilia mkono asiuachie. "Athumani, umekuja. Mzee wako alikupenda sana." Kisha akanyanyua kichwa akawaambia watu, "Huyu ndiye aliyemsomea. Jamani, mpisheni aje aisome, wasikie na hawa waliotoka mbali."

Karatasi ilikuwa ukutani juu ya kitanda cha Mzee. Imegongwa vijiti vinne vya kuwambia ngozi, kimoja kila pembe, na mbele yake pameachwa wazi, hapakutundikwa kitu. Ilikuwa imegeuka rangi kwa moshi, lakini herufi zilikuwa nyeusi vile vile. Umechongwa na fundi Athumani Selemani. Bakari, mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni, na Bakari alijua kusoma.

Niliwatazama watu. Nilimtazama mjane yule. Nikasoma: "Msondo. Mchinga. Umechongwa na fundi Hamisi Nalinga."

"Mungu amrehemu," watu wakaitikia. Bibi Somoe alilia, akasema, "Mnaona? Mpaka serikalini jina lake lipo."

Nilipoaga, Bakari alisema atanisindikiza mpaka barabarani.  Nilikuwa nangoja anipige, na lingekuwa jambo jema.

"Kaka Athumani," akasema, "baba nilimsomea. Nilikuja nyumbani mapumziko, wiki ile ile aliyotoka Lindi. Akaitoa kwenye kofia, akasema, haya wewe msomi, tusomee na wewe. Mama alikuwa kisimani. Nikaisoma ilivyo."

Nilishindwa kumtazama. "Akasemaje?"

"Aliishika, akaigeuza huku na huku. Akaniambia nisome tena. Halafu akaniambia mama asijue, maana ameshawatangazia watu wote. Kesho yake akampa mtu tezo zake. Watu walipokuja kutaka ngoma akawaambia, nendeni Lindi kwa fundi aliyeandikwa."

"Bakari, mimi..."

"Ngoja nimalize. Nilitaka kuja Lindi nikushike shati. Akanikataza. Alisema, Athumani siyo mwizi, ameteleza ulimi na ameona haya. Atakuja mwenyewe kuniambia, na akija tutacheka, kisha nitamfundisha kuchonga, ili ile karatasi isiwe ya uongo." Bakari akasimama. Tulikuwa tumefika kwenye njia panda, pale malori yanaposimama kupakia nazi. "Alikungoja, kaka. Mpaka wiki aliyougua. Kila lori likisimama hapa alikuwa anamwambia mama, hebu katazame kama Athumani kashuka. Mama alidhani amekukumbuka tu."

Nilimwambia Bakari mvua ilikuwa nyingi misimu ile, na njia ilikuwa mbaya. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali, akanipa mkono, akarudi msibani.

Sikumwambia kwamba mara tatu nilikuwemo ndani ya malori yale, nakwenda Kilwa Kivinje kununua ngozi. Mara ya tatu Bibi Somoe alikuja mpaka ubavuni mwa lori, kashika upindo wa kanga, akawa anaangaza macho juu, abiria mmoja mmoja. Nilijifunika turubai pamoja na mizigo, nikatulia humo mpaka dereva alipowasha moto.